Dereva wa Mizigo Anayelipwa kwa Tripu: Haki Yake ni Gani?

Katika mikutano yetu huwa tunazungumza sana juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na ule mzunguko wa pesa wa kila mwezi. Mara chache tunazungumza juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi wanaifanya siku hizi, yaani kubeba mali ya watu wengine kwa malipo. Yuko anayeendesha pikapu ya miraa kutoka Maua. Yuko anayechukua vifurushi kwenye ofisi ya Sacco ya matatu pale Embu mjini na kuvipeleka Runyenjes, Kiritiri ama Siakago kwa pikipiki. Wengine wako kwenye lori la ndizi, gari la maziwa au kanta ya viazi kutoka Kibirichia. Ukimuuliza mama, "Kijana anafanya kazi wapi siku hizi?" atakujibu kwa furaha, "Ako na gari." Lakini ukimuuliza analipwa vipi, kama ana barua ya kazi, na akiumia ni nani atamtibu, hapo mama ananyamaza.

Katika toleo hili tutajaribu kuyajibu maswali hayo matatu. Mtusomee wale wasiojua kusoma, na kama kuna dereva nyumbani, mpeni gazeti hili alisome mwenyewe.

MALIPO YA TRIPU NA MWENDO WA GARI

Tuanze na miraa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi kuliko mizigo mingine yote. Miraa ya Igembe huchumwa asubuhi, ikachaguliwa, ikafungwa kwa majani ya migomba ili isikauke, kisha ikapakiwa kwenye pikapu huko Maua, Laare, Mutuati ama Kangeta. Ikikaa zaidi ya siku mbili nguvu yake imekwisha na bei yake pia. Kwa hiyo gari linapita Meru, Nkubu, Chuka, Embu, Makutano na Thika kama linalofukuzwa, ili mzigo ufike Eastleigh soko likiwa moto, ama ufike uwanja wa ndege wa Wilson kabla ndege ya Somalia haijaondoka.

Najua wasomaji wengine hawapendi Kanisa litaje miraa. Mjadala huo una siku yake. Hapa tunamzungumzia mtu aliyeshika usukani, na huyo ni mtoto wetu sawasawa na yule wa gari la maziwa.

Dereva huyu mara nyingi halipwi kwa mwezi. Analipwa kwa tripu. Akifika na mzigo kwa wakati, anapata pesa yake. Akichelewa na bei ikaanguka, tajiri anakata. Gari likikaa gereji siku tatu, ni siku tatu bila chakula nyumbani. Sasa tufikirie pamoja: mtu akilipwa namna hii, ni nani anayemfundisha kwenda mbio? Sisi tukimwona akipita tunasema, "Hawa vijana ni wazimu." Si wazimu. Ni hesabu. Malipo yenyewe yanamwambia kwamba kupumzika ni hasara na kulala ni hasara. Ndiyo maana wengine hutafuna ule ule mzigo wanaoubeba, ili macho yasifunge.

Barabara yetu tunaijua. Daraja la Nithi peke yake limeshatuzika watu wengi mno. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Lile lilikuwa basi la abiria, si gari la mizigo, lakini mteremko ni ule ule na kona ni zile zile, na pikapu za mizigo hupita hapo kila siku.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Trafiki ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2012 iliwekwa kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila saa 24. Tupige hesabu. Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 300. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa 5 kwenda tu. Zinabaki 3 za kurudi, na njia ya kurudi inataka 5. Maana yake dereva mmoja hawezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kuvunja sheria, isipokuwa akimbize gari, na hapo anavunja sheria nyingine. Tajiri anayetaka gari lirudi siku hiyo hiyo, aweke madereva wawili.

Jambo lingine la tripu ni kwamba soko likifungwa, kazi inakufa siku hiyo hiyo. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikafunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mwezi wa Mei 2024 kaunti kadhaa za Pwani zilikataza muguka wa Mbeere, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Kila mara tulisikia kilio cha wakulima na wafanyabiashara, na kilikuwa kilio cha haki. Cha madereva hakikusikika, kwa sababu mtu wa tripu hana notisi. Tripu zikiisha ameisha.

NI MWAJIRIWA AMA NI MTU WA KUJITEGEMEA?

Swali hili ndilo mzizi. Wenye magari wengi husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni deiwaka tu. Tunaelewana kwa tripu." Na kijana mwenyewe anakubali, kwa sababu hajawahi kusikia vingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haiangalii jina mliloliita. Inaangalia mambo yalivyo. Gari ni la nani? Nani anasema litoke saa ngapi na lipite wapi? Dereva anaweza kumtuma mwenzake bila kumwuliza tajiri? Faida ikiongezeka, inaingia mfuko wa nani? Kama gari ni la tajiri, saa ni za tajiri, mzigo ni wa tajiri na faida ni ya tajiri, basi huyo kijana ni mwajiriwa, hata akiitwa deiwaka ama rafiki wa familia. Hata Uingereza jambo hili lilibishaniwa miaka mingi. Kampuni ya Uber ilidai kwamba madereva wake ni watu wa kujitegemea, lakini tarehe 19 Februari 2021 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba ni wafanyakazi, wenye haki ya kiwango cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Kwa hiyo kijana wetu asione haya kuuliza.

Tena kuna kifungu kizuri ambacho wachache wanakijua. Mtu aliyechukuliwa kama kibarua wa siku, akifanya kazi mfululizo mpaka siku zikafika mwezi mmoja au zaidi, ama akapewa kazi ambayo haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, huyo si kibarua tena. Sheria inamhesabu kama mtu wa mwezi, na kumwachisha lazima apewe notisi. Dereva aliyeendesha gari moja miaka minne, kila siku isipokuwa Jumapili, na bado anaitwa deiwaka, anadanganywa.

ANACHOSTAHILI

Kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi lazima kuwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu ya mwajiri, si juu ya dereva. Kama dereva hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Na mambo yakifika mahakamani bila karatasi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wengi hufikiri kukosa karatasi ni mwisho wa kesi. Sivyo.

Mshahara una kiwango cha chini kilichowekwa na serikali. Kuna kiwango cha dereva wa gari dogo, cha gari la wastani na cha gari kubwa, tena viwango hutofautiana kati ya miji mikubwa, miji iliyokuwa manispaa kama Meru na Embu, na sehemu nyingine. Hubadilishwa mara kwa mara, kwa mfano viliongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Kwa hiyo sitaandika tarakimu hapa halafu ziwapotoshe. Nendeni Ofisi ya Kazi mwonyeshwe za sasa, ni bure. Juu ya kiwango hicho kuna marupurupu ya nyumba, asilimia 15, kama mwajiri hakupi mahali pa kulala. Wiki ya kazi ni saa 52 katika siku sita. Zikizidi, kila saa inalipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko ama sikukuu inalipwa mara mbili.

Kuna pia siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka na malipo yake, na akiwa mgonjwa baada ya kufanya kazi miezi miwili, siku 7 za malipo kamili na nyingine 7 za nusu, mradi alete karatasi ya daktari. Kufutwa bila kusikilizwa pia hakuruhusiwi. Lazima aambiwe kosa lake na ajitetee, tena anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake ama mtu wa chama cha wafanyakazi.

Sasa yale makato. Hapa ndipo pesa nyingi za vijana wetu hupotelea. Sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Tairi likipasuka, mvua ikikata barabara, bei ikianguka Eastleigh, askari wakilishika gari kwa sababu inshuarensi imeisha, hayo si makusudi ya dereva. Na hata makato yote yakiwa halali, kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara.

NSSF nayo ni asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, kufuatana na sheria ya 2013 iliyoanza kutumika Februari 2023. Ya afya ni asilimia 2.75 ya mshahara, kwa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kijana na aangalie mwenyewe kama hizo pesa zinafika. Kukatwa si kufikishwa.

PIKIPIKI NA VIFURUSHI

Kwa upande wa pikipiki mambo si mepesi, na sitawadanganya. Kijana anayechukua piki ya mtu na kumpelekea pesa fulani kila jioni, halafu kinachobaki ni chake, huyo kwa sheria anafanana zaidi na mtu aliyekodi. Yule aliyechukua piki kwa mkopo ni mwenye mali na ni mwenye deni pia. Hao wawili Ofisi ya Kazi haitawasaidia sana. Lakini yule aliyewekwa na duka la vipuri ama ofisi ya vifurushi, anayeripoti asubuhi na kuambiwa peleka hapa peleka pale, piki ikiwa ya duka, huyo ni mwajiriwa kama nilivyoeleza juu.

Kwa wale wa kujitegemea, shida kubwa ni kutojua wanapata nini. Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Kijana ameshika shilingi 1,200 kwa siku. Petroli 350. Ya mwenye piki ama ya mkopo 400. Chakula cha njiani 150. Hapo anajiona ana 300. Lakini oili, breki, cheni, tairi, inshuarensi na ile siku ambayo piki haitoki, akiviwekea 150 kila siku, amebaki na 150. Na ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akarudi saa mbili usiku. Akina mama wanaouza mboga sokoni watacheka, lakini wao angalau hawaendi kasi ya kilomita 70 na friji mgongoni.

Kifurushi kina hatari zake. Mteja anakataa kulipa akisema si hicho alichoagiza, na nauli imeshapotea. Katoni limefungwa na hujui ndani kuna nini, halafu ukafunguliwa kizuizini. Ushauri wetu: chukua pesa ya usafiri kwa M-Pesa kabla hujawasha piki, hata kama bei ya bidhaa italipwa pale mwisho. Usibebe kitu ambacho mwenye kukituma hataki kuandika jina na nambari yake. Na ofisi inayopokea vifurushi kwa malipo inatakiwa iwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Uliza leseni iko wapi kabla hujakubali kuwa mtu wao wa kupeleka.

Halafu inshuarensi. Ile ya lazima, ya mtu wa tatu, humlinda yule utakayemgonga. Wewe mwenye kuendesha haikulindi hata kidogo. Nimekutana na familia nyingi zilizogundua jambo hili wodini.

AKIUMIA AMA AKIFA

Hapa ningependa wanavikundi wasome polepole. Dereva akifa barabarani, desturi yetu ni kuja na kilio na harambee. Tajiri anakuja, analeta sukari, anatoa gari la kubeba mwili, pengine ananunua jeneza, wazee wa ukoo wanamshukuru na mambo yanaisha. Mjane anabaki na watoto na daftari la majina ya waliochanga.

Kumbe kuna Sheria ya Fidia za Ajali Kazini, ya mwaka 2007. Inasema mwajiri lazima awakatie wafanyakazi wake inshuarensi ya ajali kazini. Asipoikata, deni la fidia bado ni lake. Tena si lazima kuonyesha kwamba tajiri alikosea. Inatosha kwamba mtu aliumia ama alikufa akiwa kazini. Aliyelemaa kabisa asiweze kufanya kazi tena, hesabu ya fidia yake ni mapato ya miezi 96. Aliyelemaa sehemu anapata kulingana na kiwango cha kulemaa. Aliyekufa, wale waliomtegemea wanalipwa kwa hesabu inayoanzia hapo hapo kwenye miezi 96, na gharama za mazishi zimo.

Tuseme dereva alikuwa anapata 20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,920,000. Linganisheni na harambee kubwa kuliko zote mliyowahi kuiona kijijini kwenu, na mjue kwamba yule mama aliyeambiwa ashukuru kwa jeneza alikuwa na haki ya kiasi kama hicho.

Wazee wana kazi yao njema ya kupatanisha watu, na sisi tunaiheshimu. Lakini pesa hii si ya ukoo wala si ya kusamehewa kwa niaba ya watoto wadogo. Familia isitie kidole kwenye karatasi yoyote ya "tumeelewana" kabla ya kufika kwa afisa wa afya na usalama kazini.

Siwaandikii madereva peke yao. Wenye magari nao ni wetu, wanakaa viti vya mbele kanisani, na wengine ni waweka hazina wa vikundi hivi hivi. Nao wana mikopo ya benki, matairi na askari wa barabarani wasioshiba. Nayajua hayo. Lakini Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika tangu mwaka 1891, katika waraka wake juu ya wafanyakazi, kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki, kwa sababu mwenye njaa hukubali chochote. Papa wa sasa, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina la Leo hasa kwa sababu ya waraka huo. Na Mtakatifu Yakobo, sura ya tano, anawaonya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao, kwamba kilio chao kimefika kwa Mungu. Mwenye gari asome sura hiyo kabla ya kupiga hesabu ya Jumamosi.

KIKUNDI KIFANYE NINI

La kwanza, na halina gharama, ni daftari. Kila dereva awe na daftari la shilingi chache, aandike kila siku tarehe, nambari ya gari, alitoka saa ngapi, alifika saa ngapi, alibeba nini, alilipwa ngapi na alikatwa ngapi kwa sababu gani. Malipo yapitie M-Pesa kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa simu haisahau. Jumbe za tajiri za "toka sasa hivi" zisifutwe. Nakala ya daftari ikae nyumbani kwa mke ama mama, maana gari likianguka daftari nalo linaweza kupotea.

Halafu kuna kuungana. Kufuatana na Sheria ya Usajili wa Vikundi ya mwaka 2022, watu 10 wanatosha kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Madereva wa stegi moja wakisajili chao, wanaweza kuweka akiba ya ajali na kulipia bima ya ajali kwa pamoja. Wanaweza pia kumwendea tajiri wakiwa kundi na kumwomba abadilishe tripu iwe mshahara wa mwezi na posho ya safari. Kijana mmoja akienda peke yake kesho yake kuna mwingine kwenye usukani. Wenye mwajiri wana haki vile vile ya kuingia chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, na mwajiri haruhusiwi kuwafukuza kwa sababu hiyo.

Kikundi cha akina mama kinachotaka kumnunulia kijana pikipiki, kama mnavyofanya wengi, mwandike masharti mapema: kwa siku analeta ngapi, nani analipa tairi, siku akiugua inakuwaje, na baada ya muda gani piki inakuwa yake. Msifanye yale yale tunayowalaumu matajiri.

Mambo yakishindikana, nendeni Ofisi ya Kazi ya kaunti, Meru ama Embu, mkiwa na daftari, kitambulisho, taarifa ya M-Pesa na majina ya mashahidi wawili. Afisa atamwita mwajiri bila kuwatoza kitu. Asipotii, kuna mahakama ya ajira iliyoko Meru, na tangu 2018 kuna mahakimu walioidhinishwa kusikiliza kesi za wanaopata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi. Madai ya mshahara na kufutwa kazi yawasilishwe kabla ya miaka mitatu. Ya ajali hayangoji hivyo: mwambieni mwajiri mara moja, yeye ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa afya na usalama kazini, na saa 24 tu ikiwa mtu amekufa. Madai ya fidia yenyewe yafike ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.